curl: mwamuzi wa ugomvi kati ya programu, seva na hifadhidata

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake: isakinishe curl, programu ya kutuma maombi kwa seva na kuonyesha majibu yake, jifunze chaguo sita saba, yaliyobaki waachie wenye nafasi. Chaguo zake zimepita 200 na sidhani kama yupo anayezihitaji zote. Hizo chache zinanitosha kazi ya kila siku, na haya ndiyo maoni yangu juu ya zinapofaa na zinaponiudhi.

Kazi yangu ni programu za upande wa seva, zile ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka ziache kujibu. Zikiacha kujibu, ugomvi huwa uleule. Waandishi wa programu wanasema mtandao umekatika. Watu wa mtandao wanasema njia ni nyeupe, kaangalieni msimbo wenu. Msimamizi wa hifadhidata anasema kwake shwari, nafasi za miunganisho zipo tele. Kila mmoja ana picha ya skrini ya kujitetea. Kuiuliza programu yenyewe ni kumpa nyani kesi ya ngedere, maana logi (daftari lake la matukio) inaandika "connection failed" na kunyamaza. Aliyeandika maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu aliona hayo yanatosha. Hapo ndipo anapotakiwa mtu wa tatu asiye na upande, na kwangu mtu huyo ni curl.

Ni programu ya bure ya mstari wa amri, iliyoanzishwa na Daniel Stenberg wa Sweden. Toleo la kwanza lenye jina hili lilitoka tarehe 20 Machi 1998, likapewa namba 4.0 kwa sababu lilikuwa limeshapitia majina mengine. Leo inapatikana kwenye macOS, kwenye Linux nyingi, na kwenye Windows 10 tangu toleo la 1803. Ukiandika PHP huenda unaitumia kila siku bila kufikiri, kwa kuwa zile curl_init na curl_exec zinapita kwenye maktaba yake.

Chaguo la kwanza la kujifunza ni -v. Ukiandika curl -v na anwani, safari nzima inapita mbele ya macho yako. Mistari ya nyota ni maelezo ya curl yenyewe: jina limegeuzwa kuwa anwani gani ya IP, muunganisho umefunguka kwenye poti ipi (namba ya mlango wa huduma), cheti kimetolewa na nani na kinaisha lini. Mistari ya > ni uliyotuma, ya < ni uliyojibiwa. Mimi huanza kusoma kutoka chini. Ilipokatikia ndipo penye neno, au hatua moja tu mbele yake.

Ikishindwa inatoa namba, na namba hizo zina thamani kuliko maneno yanayozifuata. 6 ni jina la seva halikupatikana. 7 ni muunganisho umeshindikana. 28 ni muda umekwisha. 35 ni mazungumzo ya TLS (ulinzi wa siri wa muunganisho) yamevunjika, na 60 ni cheti hakikukubalika. 52 ndiyo yenye visa vingi: seva ilipokea simu, ikaikata bila kusema neno. Kwenye kontena za Docker (vyumba vya kuendeshea programu zikiwa zimetengwa), nikiona 52, au 56 pamoja na maneno "connection reset by peer", swali langu la kwanza ni kama programu iliyo ndani inasikiliza 127.0.0.1 (yenyewe tu) badala ya 0.0.0.0 (anwani zote). Poti imefunguliwa kwa nje, lakini ndani mwenyewe anajisikiliza peke yake.

Tofauti ya 7 na 28 ndiyo ninayopenda kuwafundisha wageni kazini, kwa sababu inaamua umwendee nani. Ukikataliwa papo hapo, "connection refused", kwa kawaida pakiti yako imefika kwenye mashine iliyo hai, na mashine imejibu kwamba poti hiyo haina msikilizaji. Huduma imelala, au umekosea poti. Ukikaa unangoja mpaka muda uishe, pakiti zimemezwa njiani, na mara nyingi mmezaji ni ngome ya mtandao iliyoagizwa kutupa bila kujibu. Kuwasha upya huduma kwa kosa la aina ya pili ni kupoteza usiku.

Wengi hawajui kwamba curl inafaa hata kwenye hifadhidata. Haielewi lugha ya PostgreSQL wala ya MySQL, ila inajua kugonga mlango:

curl -v --connect-timeout 5 --output - telnet://db:3306

MySQL ina adabu ya kumsalimu mgeni kabla hajasema lolote. Njia ikiwa wazi utaona vurugu ya alama, na katikati yake namba ya toleo la seva na jina la mbinu ya uthibitishaji, kama caching_sha2_password. (Lile --output - ni kwa sababu salamu ina baiti zisizo za maandishi, na curl hukataa kuzimwaga kwenye terminali bila idhini yako.) Utamu ni kwamba baadhi ya makosa huja palepale mahali pa salamu, kabla ya jina la mtumiaji wala nywila. "Too many connections" huonekana hapo. Vilevile ujumbe kwamba mashine yako hairuhusiwi kuunganishwa na seva hii. Ukiuona huo, acha kubadilisha nywila, hujafika huko.

PostgreSQL kwenye poti 5432 ni mkimya. Inangoja mgeni aanze, kwa hiyo utapata mstari wa "Connected to" na baada ya hapo kimya. Huo mstari mmoja unatosha kuwaondoa watu wa mtandao kwenye kesi. Kuanzia hapo naiweka curl pembeni nachukua pg_isready, ambayo inasema kama seva inapokea wageni bila kudai nywila sahihi, kisha psql, kiteja chake, kwa kutumia jina, nywila na hifadhidata zilezile za programu. Chombo kizuri ni kile kinachokubali zamu yake imekwisha.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niiamini kabisa. Huduma ya maagizo niliyokuwa naihudumia ilikuwa inagoma mchana, saa za wateja wengi, kisha inajirudi yenyewe. Kikao kilikuwa kimekwishaamua kwamba hifadhidata ni ndogo. Pendekezo mezani: tupandishe miunganisho ya programu kutoka 10 hadi 50, tununue na mashine kubwa. Kabla ya kununua chochote niliingia kwenye seva yenyewe nikapima:

curl -s -o /dev/null -w '@muda.txt' https://…

Faili la muda.txt ni langu, nalibeba kila kazi ninayokwenda. Lina vigezo vitano tu vya curl: time_namelookup, time_connect, time_appconnect, time_starttransfer na time_total, kila kimoja na jina la Kiswahili mbele yake. Jibu lilikuwa hili:

jina 0.004112
unganisho 0.031870
tls 0.098455
baiti_ya_kwanza 30.112604
jumla 30.113021

Namba hizi zote zinahesabiwa tangu mwanzo wa ombi, hazihesabiwi hatua kwa hatua, kwa hiyo unatazama pengo. Hadi TLS inakamilika, hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Mtandao umetoka kwenye kesi. Kisha kimya cha sekunde 30, halafu kosa la 500, yaani seva imeshindwa kwa ndani. Tena 30 kamili. Mtandao uliochoka haukupi namba mviringo namna hiyo. Namba mviringo huwekwa na mtu aliyeandika 30000 mahali fulani.

Programu ile ilikuwa ya Java ikitumia HikariCP kutunza akiba ya miunganisho. Kwa mipangilio ya awali, HikariCP inashika miunganisho 10, na anayeomba akakuta yote imechukuliwa anasubiri milisekunde 30000 kabla ya kukatiwa tamaa. Ukijua hilo unakwenda moja kwa moja kwenye logi kutafuta "Connection is not available, request timed out after 30000ms", na ulikuwepo, umefukiwa chini ya mamia ya mistari ya makelele. Upande wa PostgreSQL niliuliza pg_stat_activity nani anafanya nini. Miunganisho 10, yote ikiwa kwenye hali ya "idle in transaction". Imefungua muamala (kundi la kazi za hifadhidata zinazokamilishwa pamoja) na haina kazi. Msimamizi wa hifadhidata alikuwa mkweli muda wote: seva yake ina nafasi 100 kwa mipangilio ya awali, na karibu zote zilikuwa tupu.

Iliyobaki ni kusoma msimbo. Njia ya kupokea agizo ilifungua muamala, ikashikilia bidhaa, kisha ikiwa bado imeukumbatia muunganisho ikapiga simu ya HTTP kwa huduma ya nje ya kuhakiki malipo, bila ukomo wa muda. Mchana huduma ile ya nje ilikuwa ikizubaa. Wateja kumi wa kwanza wanakaa na miunganisho yote kumi wakingoja jibu la mtu mwingine, wa kumi na moja anangoja hifadhidata ambayo haina kosa. Akiba ya 50 ingejaa vilevile, dakika chache baadaye. Dawa ilikuwa kuitoa simu ile nje ya muamala na kuiwekea ukomo wa sekunde chache. Mashine kubwa haikununuliwa.

(Na hapa niseme neno: maktaba ya requests ya Python haina ukomo wa muda usipoiwekea, na kiteja cha kawaida cha HTTP cha Go vilevile. Watakungoja hata milele.)

Hayo ndiyo mazuri. Lakini sehemu inayowachanganya watu ni pale curl inapofaulu na programu inashindwa. Nimewaona wakiikasirikia: "Mbona curl inapita?" Hilo si kosa la chombo, hiyo ndiyo habari yenyewe. Njia ipo, kwa hiyo tafuta kilicho tofauti kati ya wawili hawa. Kabla ya yote, je, umeipiga kutoka kwenye mashine ileile, ndani ya kontena ileile? Kuipiga kutoka kwenye kompyuta yako ya mezani kunathibitisha kwamba kompyuta yako ya mezani ina mtandao, basi.

Kisha proksi, seva ya kati inayopitisha maombi. curl inasoma vigezo vya mazingira kama https_proxy. Programu yako huenda haivisomi, au inavisoma wakati wewe kwenye terminali huna. Kuna mtego mmoja mdogo hapa: kwa HTTP ya kawaida curl inakubali http_proxy kwa herufi ndogo tu. Andika kwa herufi kubwa na itakupuuza kimyakimya.

Kisha vyeti. Kwenye Linux kwa kawaida curl inatumia orodha ya mamlaka za vyeti ya mfumo wa uendeshaji. Java mara nyingi ina ghala lake, Node (ya kuendeshea JavaScript kwenye seva) inakuja na orodha yake, requests ya Python inategemea kifurushi cha certifi. Kampuni yenye mamlaka yake ya ndani ikisakinisha cheti kwenye mfumo pekee, curl itapita huku wale watatu wakilia kwamba cheti hakiaminiki. Na kinyume chake hutokea. Mtu akifika hapo hukimbilia -k, chaguo la kuzima ukaguzi wa cheti, au kwenye PHP anaweka CURLOPT_SSL_VERIFYPEER kuwa false, kosa linatoweka, na mstari ule unaishi kwenye uzalishaji miaka na miaka. Kwa kuchunguza dakika moja, -k ina kazi yake. Kwenye msimbo unaohudumia watu, haina.

Kisha localhost, jina la mashine kujiita yenyewe, mzushi mkubwa. Jina hilo linaweza kuwa 127.0.0.1 (IPv4) au ::1 (IPv6). curl hujaribu zote mbili, hivyo haioni shida. Node kuanzia toleo la 17 iliacha kuitanguliza IPv4, na programu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi zikaanza kukataliwa, huku huduma ikiwa hai kwenye 127.0.0.1. Jaribu curl -4 halafu curl -6, utajua mara moja. Kiteja cha MySQL kina mambo yake: ukikiambia localhost kwenye Linux, hakigusi TCP kabisa, kinatafuta faili la soketi. Ndani ya kontena, localhost ni kontena yenyewe, na hifadhidata haimo humo.

Kivinjari nacho ni kesi tofauti. Ombi likipita kwenye curl na kukwama kwenye kivinjari pekee, kwa sababu ya CORS (sheria ya kivinjari kuhusu ukurasa wa tovuti moja kusoma majibu ya tovuti nyingine), usiguse mtandao wala hifadhidata. curl haina habari na sheria hiyo. Tuma ombi la OPTIONS lenye kichwa cha Origin na kile cha Access-Control-Request-Method, uone seva inarudisha Access-Control-Allow-Origin au inakaa kimya.

Moja la hifadhidata, kwa kuwa linafanana na kosa la mtandao wakati silo: nywila yenye @ au # ndani ya anwani ya muunganisho. Kinachofuata alama hiyo kinaweza kusomwa vibaya, na programu inalalamika kwamba jina la seva halijulikani. Ukilitazama vizuri lile jina lisilojulikana, ni kipande cha nywila yako. Andika %40 badala ya @, na %23 badala ya #. Halafu badilisha nywila, maana kipande chake sasa kimelala kwenye logi.

Yanayoniudhi sasa. Kubwa kuliko yote ni kwamba curl inahesabu jibu la 500 kuwa ni mafanikio. Kwa mantiki yake, iliomba, ikajibiwa, kazi imekwisha, inarudisha 0. Hati yako ya kukagua afya ya huduma itasema kila kitu kizuri huku wateja wanaona ukurasa wa kosa. Lazima uongeze --fail, na hapo inarudisha 22 kwa majibu ya 400 na kuendelea. Tena --fail inatupa mwili wa jibu, yaani inakunyima maelezo ya kosa unayoyatafuta. Ndiyo maana nashukuru kwa --fail-with-body, iliyokuja na toleo la 7.76.0 mwaka 2021.

La pili ni uvumilivu wake uliopitiliza. Bila kuambiwa, inaweza kungoja muunganisho hadi dakika 5, na baada ya kuunganishwa haina kikomo chochote. Kwenye hati ya usiku hiyo ni balaa.

La tatu ni -d. Inatuma data kama fomu ya wavuti, hata kama ulichoandika ni JSON safi, na seva inakujibu 400 au 415 huku wewe unahesabu mabano. Tangu 7.82.0 ya mwaka 2022 kuna --json inayoweka vichwa sahihi, itumie. Pia, ukiwa na -L (fuata maelekezo ya seva) na seva ikakuelekeza kwingine kwa 301, POST yako (ombi la kutuma data) inageuzwa GET (ombi la kusoma) njiani. Kwenye logi ya seva utaona GET ambayo unaapa hukuituma, na -v ndiyo itakayokuonyesha mgeuko huo.

Matatizo ya mahali nayo yapo. Picha nyingi ndogo za kontena hazina curl, yaani haipo palepale unapoihitaji zaidi. Na kwenye Windows PowerShell 5.1, neno curl ni jina la utani la amri nyingine kabisa yenye chaguo tofauti, andika curl.exe.

Kuhusu washindani, sina ugomvi nao. HTTPie inasomeka vizuri kwa macho. Postman inafaa timu inayotaka kuhifadhi makusanyo ya maombi na kuyagawana. Mimi narudi kwenye curl kwa sababu vivinjari vikubwa vina uwezo wa kunakili ombi lolote likiwa amri ya curl, na amri hiyo naweza kuibandika kwenye seva isiyo na skrini. Angalia tu kabla ya kuituma kwa mwenzako: imebeba vidakuzi na tokeni zako zote, na atakayeipata anaingia akiwa wewe. Matokeo ya -v pia yana kichwa cha Authorization. Futa kwanza, tuma baadaye.

Kwenye faili langu la mipangilio ya curl, ~/.curlrc, kuna mistari mitatu:

connect-timeout = 5
max-time = 30
show-error

Na ninapopima kitu ambacho matokeo yake yataingia kwenye ripoti, naanza na curl -q, ambayo ni lazima iwe chaguo la kwanza kabisa kwenye amri, ili faili hilo lisisomwe na anayerudia kipimo kwenye mashine yake apate kitu kilekile.